Kadi Haina Bahasha

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu Rehema, na kila nikiikumbuka natamani ardhi ya hapa Kagarama ipasuke inimeze, ingawa mkosi wenyewe ulitokea kule Biryogo, mtaa mwingine wa Kigali, na zamani sana. Siku hiyo watu wa mtaa mzima walinilaza kwenye mkeka saa tisa alasiri, wakanifunika kanga, wakatoka nje na kukaa kimya wakisubiri niote ndoto. Sikuwa mgonjwa wala mganga. Nilikuwa karani wa posta.

Nakusimulia leo kwa sababu ya yale ya juzi mezani. Ulirudi kutoka kazini kwako posta umechoka, ukavua viatu, ukatuambia kwamba yule mwalimu mstaafu wa geti la kijani ameletewa mzigo kutoka ng'ambo, na karatasi ya forodha iliyobandikwa juu yake inasema wazi kuwa ndani mna nywele za bandia za kiume, rangi nyeusi. Tulicheka sana. Mjomba wako alipaliwa na isombe ya majani ya muhogo mpaka tukampiga mgongoni. Nami nilicheka kuwashinda wote, tena ndiye niliyeuliza kama ni nywele za singa au za kipilipili, kwa hiyo usidhani nimekuja kukuhukumu. Lakini kesho yake asubuhi Mwalimu alipita langoni na kofia yake, akanisalimia kwa adabu kama anavyofanya siku zote, na mimi nikashindwa kumtazama usoni. Nikajifanya naokota kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni lazima nikuambie habari ya Mama Shabani, ambayo hata mama yako, niliyemzaa mimi, hajawahi kuisikia.

Wewe umezaliwa ukakuta simu, na umekuta barabara zina namba mpaka vichochoro vyake. Zamani zetu nyumba haikuwa na namba, wala hapakuwa na mtu wa kukuletea barua mlangoni. Barua iliishia kwenye sanduku la posta kule mjini, ukielekea Kiyovu, na si kila mtu aliyekuwa na sanduku. Mtaa wetu ulitumia sanduku la Mzee Juma, fundi cherehani. Namba ya sanduku lile watoto waliikariri pamoja na majina ya baba zao. Kila Alhamisi Mzee Juma alifunika cherehani yake, akapanda mjini na ufunguo aliouvaa shingoni pamoja na tepu ya kupimia nguo, akarudi na barua za mtaa mzima. Alizibana kwa vibanio kwenye kamba iliyopita juu ya cherehani, na mtu akipita dukani alitupa jicho juu kuona kama na yeye amekumbukwa. Usipochukua barua yako kwa muda mrefu, Mzee Juma alianza kukusema kwa wateja kwamba una roho ngumu.

Anwani za barua hizo, mwanangu, zilikuwa hadithi. "Kwa Juma Fundi, Kigali, amfikishie Mwajuma mke wa yule dereva mfupi, si yule mrefu." Mkuu wetu wa kuchambua barua, Bwana Gaspari, alikuwa mtu wa Gitarama, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyeanza kazi enzi za Wabelgiji na hakuna aliyewahi kumwona bila tai. Kifaransa alikijua na Kinyarwanda ndicho chake, lakini barua za Kigoma, Ujiji, Bujumbura na Bukavu zilimtoa jasho. Ndiyo maana aliniajiri, binti wa Kiislamu wa Biryogo, nikiwa na miaka ishirini, niwe nasoma anwani za Kiswahili. Akanipa koti la kijivu na muhuri. Lile koti nililivaa kazini, sokoni, na hata kwenye harusi ya binamu yangu, mpaka mama yangu akanivua kwa nguvu mbele ya watu.

Siku ya kwanza Bwana Gaspari alinipa sheria moja tu. Alisema nisome jina, nisome namba, halafu niache. Nikasema ndiyo, bwana. Na kwa barua zenye bahasha sikuwa na shida, kwa sababu bahasha ina gundi na mimi nilikuwa na woga. Shida ilikuwa kadi.

Stempu ya kadi ilikuwa nafuu kuliko ya barua, na watu wetu wanapenda maneno mengi lakini hawapendi gharama. Kwa hiyo waliandika kwenye kadi, na maneno yasipotosha walichukua kadi ya pili, na ya tatu, kila moja na namba yake kwenye pembe ili msomaji ajue mpangilio. Niliwahi kuona mtu wa Ujiji akigombana na kaka yake kwa kadi sita, na ya nne ikapotea njiani, hivyo yule kaka hakujua kamwe alitukanwa nini hasa. Kadi zile zilipita mikononi mwangu zikiwa wazi mchana kweupe, na mimi nilikuwa kijana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Mfuko wa barua za Tanzania ulifika Jumanne asubuhi. Mzee Juma alikwenda kuchukua zake Alhamisi. Siku hizo mbili katikati ndizo zilizoniharibu.

Ilianza kwa huruma, na madhambi mengi huanza hivyo. Jirani yetu Bi Zena alikuwa akilia kwamba dada yake wa Kigoma ana mimba na hajaandika, pengine amekufa nayo. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeiona kadi: dada amejifungua pacha, wote wazima. Ningefanyaje? Kusema nimesoma, siwezi. Kunyamaza huku mtu analia, siwezi. Nikamwambia, "Usilie, Bi Zena, mimi jana nimeota unabeba watoto wawili, mmoja kila bega." Alhamisi kadi ikafika. Bi Zena alikimbia mtaa mzima bila viatu akitangaza kwamba binti wa Mzee Athumani, yaani mimi, ameoteshwa.

Basi, mwanangu, nikawa na kipaji. Jumanne jioni watu walikuja barazani kwetu wakiniuliza kama nimeota. Nikawaotea mahari iliyokubaliwa, mjomba aliyepona, kijana aliyefaulu mtihani. Waliniletea mayai, sukari, na mmoja akaniletea jogoo. Kuna mzee alitaka nimwotee aliyemwibia mbuzi wake, na kwa kuwa hakuna mwizi anayetuma kadi, nikamwambia ndoto yake ingali njiani. Alikuja kila wiki kuiulizia, kwa miezi minne. Sikuona aibu hata kidogo. Nilitembea na koti langu nikijiona nimeshika funguo za mtaa. Mama yangu tu ndiye aliyenitazama siku moja akipepeta mchele, akaniuliza mbona ndoto zangu zote ni za Jumanne. Nikamjibu kwamba kila kitu kina siku yake. Akarudi kwenye mchele wake, lakini niliona hajaridhika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu ulikuwa karibu.

Mama Shabani alikuwa mjane aliyeuza vitumbua asubuhi karibu na msikiti. Alikuwa na mtoto mmoja, huyo Shabani, aliyekwenda Kigoma kufanya kazi ya makanika kwa tajiri mmoja wa malori, na mwaka wa sita ulikuwa unapita mama hajamwona. Aliandika mara moja kwa mwaka. Ikawa Jumanne moja nakuta kadi yake katika mfuko, mwandiko mdogo mdogo umejaa hadi ukingoni. Nikasoma jina. Nikasoma namba. Halafu nikaendelea.

Aliandika hivi: salamu nyingi, yeye mzima, hofu ni kwa mama yake. Amekusudia kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani hii iliyokuwa mbele yetu, panapo majaliwa, tena haji peke yake, anakuja na mchumba wake aitwaye Asha ili mama amwone. Ameshaomba ruhusa kwa tajiri wake, "na tajiri wangu, Mama, wewe umesikia habari zake, ameniambia". Hapo kadi ilikwisha. Kwenye pembe palikuwa na namba moja iliyozungushiwa duara. Hakuna mtu katika nchi hii aliyejua maana ya namba ile kuliko mimi. Lakini ya pili haikuwamo mfukoni, na mimi nilikuwa na haraka ya kuota. Nikajiuliza tajiri angemwambia nini kijana anayetaka kumleta mchumba kwa mama yake, zaidi ya kumwambia nenda? Nikamjazia tajiri maneno, nikaenda zangu nyumbani.

Mama Shabani nilimkuta akikoroga unga wa vitumbua vya kesho. Nilipomwambia nimemwota Shabani akishuka kwenye basi Jumamosi, mkono ulisimama ndani ya unga. Aliniuliza kama nimemwona uso. Nikasema nimemwona, amenenepa kidogo. Nikasema yuko na msichana jina lake Asha, na kwa kuwa nilinogewa na uongo wangu nikamvika Asha mtandio mwekundu. Mama Shabani alikaa chini palepale, mikono imejaa unga, akalia. Na mimi nikajisikia mtu mwema, Mungu anisamehe.

Alhamisi Mzee Juma alirudi na kadi, akaisoma dukani mbele ya watu, kwa sababu Mama Shabani hakujua kusoma. Kila neno likawa kama nilivyoota, watu wakashika vinywa. Mzee Juma alipofika kwenye "ameniambia" akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Kisha akasema kwamba hii ni ya kwanza, kwa hiyo tungojee ya pili kabla ya kuchinja chochote.

"Ya pili ya nini, Juma?" Mama Shabani alisema. "Hadija ameshaota mwisho wake."

Watu wote wakanigeukia. Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema kwamba hata ndoto huwa na kadi ya pili, tungoje. Badala yake nikainamia kopo la vifungo la Mzee Juma, nikaanza kuchagua vifungo vyekundu na vyeupe kama mtu aliyetumwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini siku ile kujikwaa kwangu kulikuwa kunyamaza.

Mama Shabani alipaka nyumba chokaa. Majirani walichanga mbuzi. Mzee Juma alimshonea gauni kwa siku moja, na upindo wa nyuma hakuumaliza. Wanawake walitunga wimbo wa kumpokea bibi harusi, na jina la Asha lilikuwamo mara kumi na mbili. Jumamosi vijana waliteremka hadi kituoni Nyabugogo kungojea mabasi ya kutoka mpakani Rusumo. La kwanza likaja, Shabani hayumo. La pili, hayumo. Saa nane likaja la mwisho, akashuka msichana mmoja mwenye mtandio mwekundu, na vijana wakamwimbia nusu ya wimbo kabla hajawaambia kwamba yeye ni mkunga, jina lake Beatrisi, na anaomba wamwachie begi lake.

Pilau ilianza kupoa. Watu wakaanza kunitazama. Hapo ndipo Bi Zena, ambaye pacha wa dada yake walimpa sauti kubwa mtaani, aliposema hakuna haja ya kuhangaika wakati mwenye ndoto tunaye. Alale, aote, tujue Shabani amefika wapi. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Nilishikwa mkono nikaingizwa chumbani kwa Mama Shabani, nikalazwa kwenye mkeka, nikafunikwa kanga. Nje nikasikia watu wakinyamazishana, mtoto akicheka akapigwa kofi, mtu akiuliza kwa sauti ya chini ndoto huchukua muda gani. Mzee wa mbuzi aliyeibiwa akasema kama nikipata nafasi niangalie na mbuzi wake.

Nilifumba macho. Usingizi hauji kwa kuamriwa, na jua la alasiri lilikuwa likipenya dirishani. Mama Shabani alibaki ndani peke yake, akakaa karibu na kichwa changu, akawa ananipepea kwa upepeo nisisumbuliwe na nzi. Alinipepea muda mrefu. Kisha akainama.

"Hadija mwanangu," aliniambia taratibu, "mimi sitaki mchumba, wala si lazima aje leo. Niambie tu kama yu hai."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimezika mume na ndugu, na miaka ya giza ya nchi hii niliipita kwa miguu yangu. Lakini aibu ya kulala pale nikipepewa na mama yule, sijapata kuionja tena. Nilifunua kanga usoni. Nikamwambia kwamba sikuota. Sijawahi kuota kitu chochote. Nilisoma kadi yake posta, kadi ikakatika, na mwisho nikautunga mwenyewe. Shabani yuko wapi, sijui.

Ule upepeo ulisimama. Nilingoja kofi, na kwa kweli nililihitaji. Badala yake aliniuliza kama mwandiko ulikuwa wa Shabani mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza muhuri wa Kigoma uligongwa lini. Nikamwambia, ni wiki mbili zilizopita. Akahesabu kwa vidole vyake vyenye alama za mafuta ya moto, akasema basi wiki mbili zilizopita mtoto wake alikuwa hai na anaweza kuandika, na hilo linamtosha kwa leo. Akasimama, akashusha gauni lake lenye upindo usiokwisha, akatoka nje.

"Ndoto imesema mle," akawaambia watu, "chakula kinapoa."

Wakala. Nami nikabaki chini ya kanga nikilia, na kila aliyechungulia aliambiwa asinisumbue, bado naota.

Jumanne iliyofuata, Mzee Juma hakungoja Alhamisi. Alikuwa posta tangu milango inafunguliwa, amesimama mbele ya sanduku lake na ufunguo mkononi. Na kwa kuwa ni mtu wa maneno, alimsimulia Bwana Gaspari habari yote kwa nia njema kabisa, akampongeza kwa kumpata karani mwenye karama ya ndoto. Bwana Gaspari alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaja chumba cha kuchambulia. Wakati huo mimi nilikuwa na mfuko wa Tanzania mbele yangu, na juu kabisa ilikuwapo kadi yenye namba mbili kwenye pembe. Nilikuwa nimeilaza kifudifudi. Nakuapia hilo, sikuisoma.

Hakupandisha sauti. Alirekebisha tai yake kwanza.

"Umva, mukobwa," alisema, maana yake sikiliza, binti. "Mimi niko hapa posta mbele wewe unazaliwa. Wewe iko na koti, iko na muhuri, ni sawa. Kadi haiko na bahasha, ile pia ni kweli. Lakini wewe, Hadija, iko na kope ya kufunga macho."

Kiswahili chake tulizoea kukicheka wakati wa chai, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilivua koti nikalikunja, kwa sababu nilijua nimefukuzwa. Akaliangalia koti, akaniambia nilivae. Akasema akinifukuza nitakwenda na ulimi wangu mahali pengine, ni afadhali ubaki pale anapouona. Adhabu yangu ilikuwa nyingine. Nichukue kadi ile, niipeleke mwenyewe kwa mkono wangu hadi Biryogo, wakati kazi hiyo posta haijawahi kuifanya kwa mtu yeyote, na nifike sijaisoma.

Kutoka mjini hadi Biryogo ni mteremko tu, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Kadi nilikuwa nimeibana kifuani, maandishi yakinigusa ngozi. Kila kona mtu ananiuliza nimeota nini juu ya Shabani. Mara mbili nilisimama nikajiambia nitazame neno moja tu, lile linalofuata baada ya "ameniambia". Sikutazama. Nilihesabu nguzo za umeme badala yake, na hata leo ukiniuliza ziko ngapi nitakwambia.

Mama Shabani aliipokea kadi, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili kama picha. Halafu akanirudishia.

"Nisomee," alisema. "Macho nitaazima yako. Mdomo nitatumia wangu."

Nikamsomea. Tajiri alikuwa amemwambia Shabani kwamba mwezi huu malori ni mabovu, hakuna ruhusa, aende baada ya Idi. Kwa hiyo mama asimngojee Jumamosi. Na tena, aliandika Shabani, habari ya Asha mama aiweke moyoni, asimwambie mtu, kwa sababu wazazi wa msichana bado hawajajibu, na likivuma kabla, wataudhika. Niliposoma maneno hayo nje kulikuwa na watoto wanaruka kamba, na wimbo wao ulikuwa ule wa kumpokea Asha.

Mama Shabani aliusikiliza wimbo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua tena kama ni kicheko. Alikuwa akirudia tu kwamba yu hai, yu hai na malori ni mabovu. Akanipa kitumbua cha moto. Nilikila palepale nimesimama.

Shabani alikuja baada ya Idi, na Asha alikuja mwaka uliofuata, baada ya wazazi wake kukasirika vya kutosha na kukubali. Walikuwa wamesikia, bila shaka. Dereva mmoja wa malori aliwaimbia. Uchungu ule uliwacheleweshea vijana wale mwaka mzima, na ulitoka kinywani mwangu, sitaki kuusema kwa jina lingine. Siku ya harusi Asha alitaka aonyeshwe huyo dada aliyemwota na mtandio mwekundu, kwa sababu yeye rangi nyekundu hajapata kuivaa maishani. Nikampa wa kwangu, zawadi. Sikumweleza mengi.

Ndoto ziliisha. Niliwaambia watu kwamba kipaji kimeondoka, na mzee wa mbuzi peke yake ndiye aliyelalamika. Nikabaki posta miaka na miaka. Nimeona simu za waya, nimeona faksi, nimeona kompyuta zikiletwa ndani ya maboksi na sisi tukiyatunza maboksi. Baada ya miaka ya giza tulirudi kazini tukakuta masanduku yaliyojaa barua na hakuna aliyekuja tena kuyafungua. Tuliyafungua sisi, na Bwana Gaspari naye hakuwapo. Nilipanga barua zile zote nikizilaza kifudifudi, siku nzima, na nililia waziwazi. Kisha simu za mkononi zikaja, na watu wakaacha kuandika. Nilidhani posta imekufa. Kumbe ilikuwa inabadilisha nguo. Leo naambiwa watu wanakuja pale kulipia mambo yao ya serikali, na kuchukua viatu na sufuria walizonunua kwa simu kutoka nchi wasizozijua.

Na hapo ndipo ulipo wewe, mwanangu. Ulidhani kazi yako na yangu ni tofauti, kwa sababu mimi nilikuwa na muhuri na wewe una mashine inayolia ukimulika mzigo. Lakini ile karatasi ya forodha, iliyoandikwa wazi kilichomo, ndiyo kadi ya siku hizi. Haina bahasha. Wa Busanza ameagiza dawa ya kisukari, wa Kiyovu ameagiza mkanda wa kubana tumbo, wa hapa kwetu ameagiza nywele, na wote wanapita mikononi mwako bila nguo. Sikukatazi kuona, maana kazi yako ni ya macho. Lakini waliajiri macho yako, mdomo haukuwamo kwenye mkataba. Na usifikiri ubaya ni uongo peke yake. Mimi niliposema kweli, pacha ni wawili, ndipo nilipopotea. Uongo ulikuja baadaye kwa miguu yake. Habari ya mtu ina mwenyewe wa kuitangaza, hata ikiwa njema, hata ikiwa ya kuchekesha, na hasa ikiwa ya kuchekesha. Tena wewe unaona kadi ya kwanza tu. Ya pili anayo mwenyewe. Hujui Mwalimu anakwenda wapi na nywele zile, pengine anakwenda kumwona mtu ambaye mara ya mwisho alimwacha akiwa nazo.

Kwa hiyo kesho akija kuchukua mzigo wake, mwite kwa heshima, mwonyeshe mahali pa kutia sahihi, umkabidhi, basi. Na sisi hapa nyumbani, siku tutakayomwona na nywele, tutamwambia Mwalimu amependeza. Mjomba wako nitamwambia mimi. Akicheka nitamkumbusha barua zake mwenyewe za ujana, ambazo pia zilipita posta.

Mungu akupe macho ya kuona mbali, mwanangu, na ulimi wa kukaa nyumbani. Akulinde na sifa zinazopatikana kwa siri za wenzako, na watu wakukabidhi mizigo yao wasigeuke nyuma kutazama. Riziki yako iwe ya jasho lako, na siku ukijikwaa, upate wa kukwambia kwa sauti ya chini kama nilivyopata mimi. Amina.

Halafu kuna jambo moja. Wiki ijayo utafika mzigo wenye jina langu, nimeuagiza kwa mama yako mdogo aliye Maskati. Ile karatasi ya juu, najua, itasema kila kitu. Ulete, uniwekee kitandani, ufunge mlango. Una kope, mwanangu.